Jedwali la Hesabu na Mwendo wa Namba

Mtu aingiaye katika soko la Majengo, mjini Dodoma, huona machungwa yamepangwa malundo malundo juu ya meza. Chungwa moja halikai juu ya chungwa moja, hubingirika likaanguka. Lakini machungwa matatu yakisongamana, la nne hupata kitako katikati yao likatulia. Hilo ndilo lundo dogo kuliko yote. Muuzaji mwenye mali zaidi hupanga sita chini kwa umbo la pembetatu, akaweka matatu juu yake, kisha moja kileleni. Na mwenye mali kupita huyo huanza na kumi.

Siku moja tulisimama mbele ya meza ya namna hiyo pamoja na wanafunzi wetu wanaojifunza ualimu, tukawauliza: "Kama mama huyu angetaka kujenga lundo la matabaka manane, angehitaji machungwa mangapi?" Mmoja alisema sitini. Mwingine alisema mia mbili. Mwenye meza alicheka, akasema, "Mwalimu, niletee kwanza hayo machungwa, ndipo nikujibu." Lakini wanafunzi watatu hawakusema neno, walikuwa wakitafuta kipande cha karatasi. Katika mazungumzo haya twapenda kueleza waliyoyafanya wale watatu, kwa maana njia yao ni njia ya kila mtu, awe mwanafunzi, awe fundi, awe mkulima mwenye deni.

Hesabu ya matabaka manane ni nzito kuichukua kichwani. Hesabu ya tabaka moja hata mtoto anayechunga mbuzi aijua: ni chungwa moja. Matabaka mawili, manne. Matabaka matatu, kumi. Basi wale wanafunzi hawakulishambulia swali kubwa; waliyauliza kwanza maswali madogo yaliyo ndugu zake, wakayaandika majibu kwa mpango, safu juu na safu chini. Mpango huo ndio tuuitao jedwali. Jedwali lao lilikuwa hivi:

Matabaka: 1, 2, 3, 4, 5
Tabaka la chini: 1, 3, 6, 10, 15
Machungwa yote: 1, 4, 10, 20, 35

Tazama safu ya katikati. Kutoka 1 kwenda 3 tumeongeza 2. Kutoka 3 kwenda 6 tumeongeza 3. Kisha tumeongeza 4, kisha 5. Mwendo wake ni mwepesi kuuona, na sababu yake inaonekana kwa macho: ukitaka kuikuza pembetatu ya machungwa, waongeza mstari mmoja ubavuni, na mstari huo huwa na chungwa moja zaidi ya mstari uliotangulia. Na safu ya mwisho? Kila namba ni ile iliyotangulia pamoja na tabaka jipya la chini: 4 na 6 ni 10, 10 na 10 ni 20, 20 na 15 ni 35. Basi aliyefika hapa hana haja ya machungwa tena. Tabaka la sita lina 21, la saba 28, la nane 36. Jumla zinafuatana: 56, 84, 120. Mama wa Majengo angehitaji machungwa 120, wala hakuna haja ya kuyapanga ili kujua.

Yako mambo mawili hapa ambayo mwanafunzi mwenye haraka huyadharau. La kwanza ni kuanza na dogo kabisa na kwenda kwa zamu bila kuruka. Tumewaona wengi wakiandika hesabu ya matabaka mawili, kisha matano, kisha matatu, kila moja pembe yake ya ukurasa, halafu wakilalamika kwamba hawaoni kitu. Ng'ombe waliotawanyika porini hawahesabiki. Wapitishe mlangoni mwa zizi mmoja mmoja. La pili ni kuandika tofauti, yaani kiasi cha kuongezeka kati ya namba na namba. Ukiandika tofauti za 1, 4, 10, 20, 35 wapata 3, 6, 10, 15. Andika tofauti za hizo tena, wapata 3, 4, 5. Andika tena, wapata 1 na 1. Namba zilizoonekana kama zimekwenda ovyo zimeshuka ngazi tatu, na chini kabisa tumekuta moja tupu ikijirudia. Mwenye kupenda kanuni fupi atachukua idadi ya matabaka, aizidishe kwa namba iifuatayo, kisha kwa ile inayofuata tena, halafu agawanye kwa 6. Kwa matabaka manane ni 8 mara 9 mara 10, ambayo ni 720. Gawanya kwa 6, ni 120. Lakini sisi twaona heri mwanafunzi ajenge jedwali mara kumi kuliko kukariri kanuni hii mara moja, maana kanuni iliyosahauliwa hairudi, bali jedwali laweza kujengwa upya hata mchangani.

Sasa tutoke sokoni twende kituo cha gari la moshi, si mbali. Reli ya kati ilifika Dodoma mwaka 1910, ikafika Kigoma mwaka 1914. Tuseme karani anataka kujua ni safari za namna ngapi zinazoweza kuandikwa katika tikiti kati ya vituo kadha wa kadha, asijali kwenda wala kurudi. Kati ya Dodoma na Zuzu iko safari moja. Ukiongeza Kigwe, ziko tatu: Dodoma na Zuzu, Dodoma na Kigwe, Zuzu na Kigwe. Ongeza Bahi, ziko sita. Ongeza Kintinku, ziko kumi. Namba ni 1, 3, 6, 10. Nazo ndizo zile zile za tabaka la chini la machungwa! Mtu akiona hivyo kwa mara ya kwanza hushangaa, kwani gari la moshi na machungwa vina udugu gani? Udugu wao ni huu: kituo kipya hufanya safari moja na kila kituo kilichokuwapo. Cha pili huongeza safari 1, cha tatu huongeza 2, cha nne 3, cha tano 4, kama vile pembetatu ya machungwa iongezwavyo mstari mrefu kuliko uliotangulia. Vitu ni mbalimbali, mwendo ni mmoja. Tutazihitaji namba hizi tena baada ya kitambo.

Mpaka hapa jedwali limekuwa mtumishi mwaminifu. Lakini tungekuwa tunawadanganya wasomaji kama tungelisifu tu, kwa sababu jedwali lilipata kutuaibisha mbele ya darasa zima, na aibu ile imetufunza kupita sifa zote.

Tulikuwa tukifundisha somo hili hili. Tulichora duara ubaoni, tukaweka nukta katika ukingo wake, tukaunganisha kila nukta na kila nyingine kwa mistari iliyonyoka. Swali lilikuwa: mistari hiyo yaligawa duara katika vipande vingapi? Nukta moja haina mstari, basi duara ni kipande 1. Nukta mbili zina mstari mmoja, vipande 2. Nukta tatu, vipande 4. Nukta nne, vipande 8. Nukta tano, vipande 16. Tuliandika jedwali zuri:

Nukta: 1, 2, 3, 4, 5
Vipande: 1, 2, 4, 8, 16

Tukauliza darasa, "Nukta sita je?" Wote wakajibu kwa sauti moja, "Thelathini na mbili!" Tukafurahi, tukaandika 32, tukageuka kwenda mbele na somo. Ndipo msichana mmoja aliyeketi nyuma akainua mkono, akasema kwamba yeye amechora katika daftari lake na amepata 31. Tulimwambia ahesabu tena. Akahesabu tena, akapata 31. Tukamwambia, na sasa twasema kwa haya, kwamba bila shaka mistari yake haikunyoka. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa adabu, "Mwalimu, naomba uhesabu wewe." Tukachora ubaoni duara kubwa, tukatumia rula, tukaandika namba ndani ya kila kipande ili kisihesabiwe mara mbili. Vipande vilikuwa 31.

Msomaji na achukue kijiti na kamba, achore duara mchangani ajaribu mwenyewe. Aangalie jambo moja tu: nukta sita zisiachane sawasawa pande zote, kwa maana zikiwa sawasawa, mistari mitatu itakutana mahali pamoja katikati, na kipande kimoja kitapotea, apate 30. Zikiwekwa bila usawa huo, atapata 31. Thelathini na mbili hataipata hata akesha.

Basi kosa lilikuwa wapi? Si katika jedwali. Kila namba iliyoandikwa mle ilikuwa kweli. Kosa lilikuwa letu sisi tuliouona mwendo na tusiulize sababu. Katika machungwa tulijua kwa nini tunaongeza 6 kisha 10 kisha 15. Katika duara tulijua tu kwamba namba zimejizidisha mara mbili mara nne mfululizo, tukadhani zimeweka ahadi. Namba hazikuahidi kitu. Usiku ule hatukulala vema, na asubuhi tulirudi darasani na sababu iliyo kweli. Tutaieleza, nayo si ngumu ila yataka utulivu.

Fikiri kwamba duara ni shamba moja, na kila mstari ni mpaka unaochimbwa kutoka ukingo hata ukingo. Mpaka wa kwanza hukata shamba moja kuwa mawili: umeongeza kipande 1. Mpaka mwingine usiokutana na wa kwanza hukata kipande kimoja tu, nao umeongeza 1. Lakini mpaka unaokatiza mpaka mwingine hupita katika vipande viwili, huvikata vyote viwili, nao huongeza 2. Ukikatiza mipaka miwili, huongeza 3. Basi kila mstari huongeza kipande 1 kwa ajili yake wenyewe, na kipande 1 tena kwa kila mahali unapokatiza mstari mwingine. Kwa hiyo idadi ya vipande ni 1, yaani shamba lenyewe, pamoja na idadi ya mistari, pamoja na idadi ya makutano.

Idadi ya mistari twaijua tayari. Kila nukta inaunganishwa na kila nyingine, kama vituo vya reli. Nukta sita zina mistari 15. Na makutano? Kila makutano ni ya mistari miwili, na mistari miwili ina ncha nne, yaani nukta nne za ukingoni. Tena ukichukua nukta nne zo zote, kati ya mistari yake ni miwili tu inayokatizana, ile inayopita kutoka pembe hata pembe. Basi kuhesabu makutano ni kuhesabu makundi ya nukta nne. Nukta nne zina kundi 1. Nukta tano zina makundi 5, kwa sababu kuchagua nne ni kuacha moja, na ya kuachwa yaweza kuwa yo yote katika tano. Nukta sita: kuchagua nne ni kuacha mbili, na jozi za kuachwa ni 15, kama safari za vituo sita. Haya, tuandike jedwali upya, safari hii kwa safu zenye sababu:

Nukta: 1, 2, 3, 4, 5, 6, 7
Mistari: 0, 1, 3, 6, 10, 15, 21
Makutano: 0, 0, 0, 1, 5, 15, 35
Vipande: 1, 2, 4, 8, 16, 31, 57

Sasa 31 haina ajabu: ni 1 na 15 na 15. Kilicho cha ajabu ni kwamba zile namba tano za mwanzo ziliweza kujifanya zinajizidisha mara mbili. Na mwenye macho makali ataona jambo jingine katika safu ya makutano. Chukua malundo ya machungwa, 1, 4, 10, 20, uyajumlishe moja baada ya moja: 1, 1 na 4 ni 5, 5 na 10 ni 15, 15 na 20 ni 35. Hayo ndiyo makutano yetu. Kwa nini? Hilo tunamwachia msomaji wa jioni ndefu. Tumdokeze tu kwamba azipe nukta majina ya zamu, kama vituo, aulize kila nukta mpya inaleta makundi mangapi pamoja na tatu katika zile zilizoitangulia.

Wala si sisi walimu wa shule tu tulioingia katika mtego wa kuona mwendo. Mwaka 1950, huko Ishango, mahali mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward, upande wa mashariki wa Kongo, mtaalamu mmoja Mbelgiji jina lake Jean de Heinzelin alifukua mfupa mdogo wenye alama zilizochongwa. Umri wake wakadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi, na mfupa wenyewe umehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Brussels. Alama zake zimekaa katika safu tatu, makundi makundi. Safu moja ina makundi ya alama 11, 13, 17 na 19. Ya pili ina 11, 21, 19 na 9. Ya tatu ina 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7. Jumlisha safu ya kwanza, ni 60. Ya pili, 60. Ya tatu, 48. De Heinzelin aliona katika safu ya tatu mchezo wa kuzidisha mara mbili, 3 na 6, 4 na 8, 10 na 5. Na katika ile ya kwanza akaona namba zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Mwaka 1972 Alexander Marshack alishika njia nyingine, akasema kwamba alama zile ni hesabu ya siku za mwezi. Wengine husema huenda ni mikwaruzo ya kuzuia mkono usiteleze. Mchongaji amekufa na sababu yake. Sisi twapenda kumfikiri kuwa mtu wa hesabu, na kwetu ni fahari kwamba jedwali kongwe kama lile limetoka katika nchi zetu hizi. Lakini kupenda si kujua, na yule msichana wa nyuma angetuuliza tena tuhesabu.

Liko jedwali moja ambalo sababu yake haina fumbo, kwa maana imewekwa na watu wenyewe kwa mdomo, nalo ni jedwali la deni. Hapa tutakaa kidogo.

Nchi ya Ugogo ina masika moja tu, tangu Desemba hata Aprili, na mvua yake kwa mwaka ni kama milimita 570. Ikikawia, au ikikatika katikati ya Februari, mtama na uwele hukauka ungali mchanga. Wazee walisimulia njaa iliyoitwa Mtunya, ya miaka 1917 hadi 1920, ambayo iliwamaliza watu wengi. Hata katika mwaka wa kawaida, miezi ya Januari na Februari ghala huwa tupu na jembe linataka nguvu. Hapo ndipo mtu huenda kwa mwenye nafaka, akakopa debe moja kwa sharti la kurudisha mawili wakati wa mavuno. Asiporudisha, yale mawili hugeuka manne mavuno yajayo.

Watu husema, "Debe moja tu!" Na wacheze bao tuone. Bao letu lina mashimo 32 na kete 64. Weka kete kando, chukua punje za mtama. Tia 1 katika shimo la kwanza, 2 katika la pili, 4 katika la tatu, hivyo hivyo. Ukimaliza mashimo 16, nusu ya bao, umetumia punje 65,535. Ikiwa punje elfu zina uzito wa gramu 25, hizo ni kilo moja na nusu na zaidi kidogo. Mtoto aweza kuzibeba. Endelea mpaka shimo la 32, na jumla itakuwa punje 4,294,967,295, yaani magunia zaidi ya elfu moja ya kilo mia mia. Nusu ya kwanza ya bao ni mfuko wa mkononi, nusu ya pili ni behewa la reli na jingine na jingine. Ndivyo kila kijizidishacho mara mbili kinavyomlaza mtu usingizi kwanza.

Mzee mmoja jirani yetu alikuja nyumbani jioni na kijiti chenye alama. Alikuwa amekopa madebe manne kwa sharti lile. Shamba lake humpa kiasi ambacho, akiisha kulisha nyumba, aweza kutoa madebe matatu kila mavuno. Alidhani kwamba kwa miaka mitatu hivi atakuwa huru, kwa kuwa matatu mara tatu ni tisa, na deni ni nane. Hatukumjibu kwa maneno. Tulifagia mahali mbele ya mlango tukaandika mchangani:

Mavuno: 1, 2, 3, 4, 5
Anachodaiwa: 8, 10, 14, 22, 38
Analipa: 3, 3, 3, 3, 3
Linalobaki: 5, 7, 11, 19, 35

Mzee alitazama muda mrefu. Amelipa madebe 15 kwa miaka mitano, na anadaiwa 35. Akauliza, "Na nikitoa manne?" Tukaandika: anadaiwa 8, analipa 4, linabaki 4, mwaka wa pili anadaiwa 8, analipa 4, linabaki 4. Tukaacha kuandika, kwa maana alikwisha kuona. Angelipa manne maisha yake yote, na mwanawe angerithi manne. "Na matano?" Anadaiwa 8, analipa 5, linabaki 3. Mwaka wa pili anadaiwa 6, analipa 5, linabaki 1. Mwaka wa tatu anadaiwa 2, analipa 2, amekwisha. Jumla amelipa 12.

Msomaji na apime hesabu hizi pamoja, maana kwetu ndizo za maana kuliko machungwa na duara. Mwenye kutoa matatu ametoa 15 na yu kizuizini. Mwenye kutoa matano ametoa 12 naye yu huru. Tofauti yao kila mwaka ni madebe mawili tu. Mwendo uliofichika wapatikana ukitoa 3 katika kila namba ya safu ya mwisho: 5 kutoa 3 ni 2, kisha 4, 8, 16, 32. Ni mashimo ya bao hayo! Alianza na manne akitoa matatu. Upungufu wake ulikuwa debe moja, na hilo debe moja ndilo lililojizidisha. Akitoa sawa na alichokopa, hakuna upungufu wala ziada, deni linasimama. Akitoa matano, ziada ya debe moja ndiyo ijizidishayo, safari hii upande wake, nayo hulila deni kwa upesi ule ule. Na hapa hatuogopi kudanganyika kama siku ile ya duara, kwa sababu kanuni ya kuzidisha mara mbili haikutoka katika kutazama namba. Ilitamkwa mbele ya mashahidi.

Mzee hakuuliza habari za kanuni. Aliuliza kama yafaa atoe sita. Tukaandika: anadaiwa 8, analipa 6, linabaki 2, mwaka wa pili anadaiwa 4, analipa 4. Jumla 10. "Basi mbuzi mmoja," alisema, akasimama. Mavuno yale aliuza mbuzi dume, akanunua madebe matatu ya mtama kwa watu wa Majengo wakati bei ingali chini, akayachanganya na matatu yake, akapeleka sita. Mwaka uliofuata alipeleka manne, naye mwenye nafaka alishangaa kidogo, akayapima mara mbili.